Michael Faraday, mzee wa kanisa aliyekubali kusema hajapata

Umeme unaporudi jioni hapa Lubumbashi, ni wachache kati yetu wanaomkumbuka Michael Faraday.

Alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 karibu na London, mtoto wa mhunzi maskini. Shule alisoma kidogo tu. Akiwa na miaka 14 alianza kujifunza kazi ya kujalidi vitabu, na vile alivyovijalidi akavisoma. Mwaka 1813 akawa msaidizi katika maabara ya Royal Institution. Mwaka 1821 alimwoa Sarah Barnard, na mwaka huohuo akakiri imani yake katika kanisa dogo la Wasandemani. Mwaka 1840 walimfanya mzee wa kanisa.

Mwaka 1831 aligundua kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya waya wa shaba uliozungushwa, umeme unatokea. Mitambo yetu ya Mwadingusha na Nseke inafuata kanuni hiyohiyo.

Kwa kuwa Muumba ni mmoja, Faraday aliamini kwamba nguvu zote za asili ni za ukoo mmoja. Mwaka 1845 alionyesha undugu wa sumaku na mwanga. Ikabaki nguvu ya uvutano, ile inayoangusha embe kutoka mtini. Mwaka 1849 alianza kuangusha vitu vizito ndani ya waya uliozungushwa, aone kama umeme utatokea. Haukutokea. Mwaka 1850 alisimama mbele ya wataalamu wa Royal Society akasema wazi: tumaini lake lingali hai, ila uthibitisho hana. Mwaka 1859 akarudia katika mnara mrefu wa London, kwa vipande vizito vya risasi. Hakupata kitu.

Swali lake bado liko wazi. Mwaka 1915 Einstein alieleza uvutano upya, na fizikia ya kwanta inaeleza chembe ndogo kabisa. Lakini hesabu hizo mbili hazijapatanishwa mpaka leo.

Sisi wachungaji, vijana wakituuliza mambo magumu, mara nyingi tunaogopa kusema hatujui, tunajibu kwa sauti kubwa ili tufunike. Faraday hakufunika. Alifariki tarehe 25 Agosti 1867, akazikwa Highgate chini ya jiwe la kawaida. Imani yake haikupungua kwa kukiri mpaka wa ujuzi wake. Na yetu haitapungua. Bwana atupe unyenyekevu huo.