Naftali Temu: sarafu bado ipo, jina je?

Hebu fikiria, kijana wa Garsen, mtu anakuonyesha sarafu ya zamani kutoka Mexico. Ni ya madini ya fedha, gramu 22.5, peso 25, mwaka 1968. Upande mmoja ina mchezaji wa mpira wa kale wa nchi hiyo pamoja na zile pete za Olimpiki. Jina la mwanariadha hulioni popote.

Lakini ni Olimpiki hiyo hiyo iliyoipa Kenya dhahabu yake ya kwanza. Je, wamjua aliyeileta?

Ni Naftali Temu, mwanajeshi kutoka Gusii, aliyezaliwa mwaka 1945. Usidhani alianza na ushindi. Mwaka 1964 alienda Tokyo, ambako Japan nayo ilitoa sarafu ya fedha ya yen 1,000 kuadhimisha michezo. Akarudi mikono mitupu. Hakukata tamaa. Miaka miwili baadaye, jijini Kingston, Jamaica, alimbwaga Ron Clarke wa Australia katika mbio za maili sita.

Kisha ikaja Mexico City, Oktoba 13, 1968, mita 10,000. Jiji lile liko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, na wengi wakaishiwa pumzi. Mzunguko wa mwisho, Mamo Wolde wa Ethiopia akachomoka. Temu akamfuata unyounyo, akampita wakikaribia utepe. Tofauti haikufika hata sekunde moja! Siku nne baadaye akaongeza shaba ya mita 5,000.

Alifariki Machi 2003 kwa saratani, kabla wengi wenu hamjazaliwa. Sarafu zile wapenzi wa sarafu bado wanazitafuta. Yeye je, nani anamtaja?

Utasema, sisi wa Tana River tuko bondeni, tutaweza wapi? Kweli, mtu wa milimani hewa ile ilimfaa. Lakini Seraphino Antao alikuwa mzaliwa wa Mombasa, mpwani kama wewe, na mwaka 1962 alinyakua dhahabu mbili za mbio fupi huko Perth, Australia. Kwa hivyo chagua mbio zako.

Na kesho muulize mwalimu wa michezo ni nani aliyeipa Kenya dhahabu ya kwanza ya Olimpiki. Akikwama, mwambie wewe.