Leland Stanford: Reli, Mali na Daftari Lisilo na Majina

Vijana wetu wakisikia neno Stanford hufikiria chuo kikuu cha California, kule walikosoma wengi wa wenye kampuni kubwa za kompyuta. Wachache huuliza jina hilo lilikuwa la nani. Leo nataka kumsimulia mwenyewe, kwa sababu maisha yake yana funzo kwa yeyote ambaye mradi mkubwa umewahi kupita mlangoni kwake.

Leland Stanford alizaliwa tarehe 9 Machi 1824 huko Watervliet, jimbo la New York. Alijifunza sheria katika ofisi ya mawakili mjini Albany, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule, akakubaliwa kuwa wakili mwaka 1848, kisha akahamia Port Washington, Wisconsin. Mwaka 1850 alimuoa Jane Lathrop. Miaka miwili baadaye moto ukateketeza ofisi yake na vitabu vyake vya sheria. Badala ya kuanza upya palepale, aliwafuata ndugu zake California, wakati watu walipokuwa wakikimbilia dhahabu. Yeye hakutegemea kuchimba. Alifungua duka na kuwauzia wachimbaji vyakula na vyombo vya kazi. Hapo ndipo utajiri wake ulipoanzia.

Akaingia siasa. Mwaka 1859 aligombea ugavana kwa chama kichanga cha Republican, akashindwa. Mwaka 1861 akashinda. Alipoapishwa Januari 1862 mji wa Sacramento ulikuwa umefurika maji, na ilimbidi apande mashua kwenda kula kiapo. Katika hotuba yake ya siku hiyo aliwaambia wabunge kwamba watu wa Asia ni jamii duni, na kwamba sheria iwazuie wasizidi kuingia. Msomaji, uyaweke akilini maneno hayo.

Maana bwana huyu alikuwa na kofia mbili. Tangu Juni 1861 alikuwa pia rais wa kampuni ya reli ya Central Pacific, pamoja na wafanyabiashara wenzake Collis Huntington, Mark Hopkins na Charles Crocker. Januari 1863 aliinua koleo la kwanza la udongo akiwa gavana, katika mradi wa kampuni yake mwenyewe, na serikali yake ikapitisha sheria za kuisaidia reli hiyo kwa pesa za umma. Serikali kuu nayo ilikopesha dola 16,000 kwa kila maili ya tambarare na 48,000 kwa kila maili ya milimani, na ardhi ya bure juu yake. Mtaalamu wa miamba wa jimbo akathibitisha kwamba milima ya Sierra Nevada inaanza maili chache tu kutoka Sacramento, mahali ambapo macho ya kawaida yaliona uwanda. Rais Lincoln akakubali, na kampuni ikalipwa bei ya mlima kwenye ardhi ya tambarare.

Ilibaki kazi yenyewe. Vibarua wazungu walikuwa wakiajiriwa na kutorokea migodini. Mwaka 1865 Crocker akajaribu Wachina wapatao hamsini. Walipoonekana wanaweza, wakaongezwa hata wakapita elfu kumi, karibu tisa katika kila wafanyakazi kumi. Mwaka huohuo Stanford alimwandikia Rais Andrew Johnson kwamba watu hawa ni watulivu na wachapakazi, na kwamba bila wao reli isingekamilika kwa wakati. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mwenyeji huyu alipona kwa wageni walewale aliotaka wafungiwe mlango.

Na walimponya kwa damu. Njia ya chini kwa chini pale kileleni ina urefu wa futi 1,659, na ilitobolewa katika jabali kwa nyundo na baruti, kiasi cha futi moja kwa siku. Majira ya baridi ya 1866 na 1867 theluji iliporomoka na kufunika kambi. Maiti nyingine zilionekana theluji ilipoyeyuka. Walilipwa chini ya wazungu, na chakula walijinunulia wenyewe. Juni 1867 maelfu waligoma, wakidai dola 40 kwa mwezi na saa chache zaidi. Crocker akazuia chakula kupelekwa kambini. Baada ya kama wiki moja, njaa iliwarudisha kazini.

Tarehe 10 Mei 1869, huko Promontory katika eneo la Utah, Stanford alishika nyundo kuugonga msumari wa dhahabu. Husimuliwa kwamba pigo la kwanza lilikosa.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lilipotea mara mbili. Kampuni haikuweka orodha ya Wachina waliokufa, na wengi wa walioishi hawakuandikwa kwa majina yao. Malipo yalipitia kwa wasimamizi wao. Kisha mwaka 1887 tume ya serikali ilipotaka kujua faida ya ujenzi iliingia mifuko ya nani, vitabu vya kampuni ya ujenzi havikupatikana, na Stanford, ambaye sasa alikuwa seneta, akakataa kujibu baadhi ya maswali. Sheria ya kuwazuia Wachina ilikuwa imeshapita mwaka 1882.

Sitaki kumnyima haki yake. Mwanawe wa pekee, Leland mdogo, alikufa kwa homa ya matumbo mjini Florence mwaka 1884, kabla ya kutimiza miaka kumi na sita. Wazazi wakaitoa mali yao kujenga chuo kwa jina lake. Kilifunguliwa mwaka 1891, bila karo, wanaume na wanawake pamoja. Stanford alifariki tarehe 21 Juni 1893, na Jane akakishikilia chuo wakati serikali ikiidai mirathi dola milioni 15, hadi mahakama ilipomuunga mkono mwaka 1896.

Ninachokitazama ni hiki: mtoto mmoja wa tajiri amewekewa chuo kizima kwa ukumbusho, na maelfu ya watoto wa watu hawana hata jiwe lenye jina. Tangu mwaka 2012 wanahistoria wa chuo hichohicho walianza kuwatafuta vibarua hao. Waliyokuta ni mabakuli, vifungo na majina machache kwenye karatasi za malipo. Barua iliyoandikwa na kibarua mwenyewe hawakuipata hata moja.

Kwa hiyo tukiletewa mradi, wa bandari au wa reli, tusiishie kuuliza utagharimu kiasi gani. Tuulize pia majina ya wafanyakazi yanaandikwa wapi, na daftari linakaa kwa nani.