MAISHA YA JOHN AKII-BUA, MRUKA VIUNZI WA UGANDA

Ukiwauliza wanafunzi wa hapa Boko wataje wakimbiaji mashuhuri wa Afrika Mashariki, mara moja watamtaja Bwana Filbert Bayi, kisha watahesabu Wakenya mpaka kengele ya chakula ilie. Si vibaya. Lakini yuko mmoja ambaye hutajwa mara chache sana, naye ndiye mwanadamu wa kwanza duniani kukimbia mbio za meta 400 za kuruka viunzi kwa muda usiofika sekunde 48. Mtu huyo ni marehemu John Akii-Bua wa Uganda, na habari zake nimeona yafaa zisomwe katika gazeti letu.

Kwanza hapana budi nieleze mbio zenyewe, maana katika shule nyingi viunzi havipo, na anayetaka kujaribu huruka madawati. Mkimbiaji huzunguka uwanja mara moja. Njiani amewekewa viunzi kumi, kila kimoja kimo chake sentimita 91.4, yaani hufika kiunoni kwa mtu wa kimo cha kawaida. Kutoka mahali pa kuanzia hadi kiunzi cha kwanza ni meta 45, baina ya kiunzi na kiunzi ni meta 35, na baada ya kile cha mwisho zimebaki meta 40. Kwa hiyo haitoshi mtu kuwa na mbio. Lazima ahesabu hatua zake, ili afikapo kwenye kiunzi mguu aurushe pasipo kusitasita. Akikosea hatua moja tu hupoteza mwendo, na hata akiwa na nguvu za simba hatazirudisha. Wajuao michezo husema kwamba mbio hizi ni za mateso kupita nyingine zote za uwanjani, nami nikiziangalia naamini.

Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 katika kijiji cha Abako, nchi ya Walango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake wengi, na watoto wa nyumba ile walizidi arobaini. Mtoto akizaliwa katika jamaa kubwa namna hiyo hujifunza mapema kwamba hakuna atakayemngojea. Baba alifariki John akiwa bado kijana mdogo, na masomo yake yakakoma. Akaondoka kwao, akaenda Kampala, akajiandikisha kuwa askari polisi. Hakwenda kutafuta sifa za michezo. Alikwenda kutafuta kazi na mshahara, kama waendavyo vijana wengi wa vijijini mpaka leo.

Huko polisi ndiko alikoonekana. Alikuwapo askari mmoja jina lake Jerom Ochana, naye mwenyewe alikuwa mruka viunzi hodari aliyeshika rekodi ya Afrika. Ochana alimwona kijana huyu mrefu, mwenye miguu myepesi, akaanza kumfundisha. Mafundisho yake hayakuwa ya kubembeleza. Mruka viunzi asiyejua huruka juu kama mbuzi, na huko juu muda unapotea, kwa hiyo yampasa ainame na kupita karibu na kiunzi chenyewe. Ili mwanafunzi wake ajifunze kuinama, Ochana aliweka ufito juu ya kiunzi, na Akii-Bua asipoinama aliugonga kwa paji la uso. Aliugonga mara nyingi, akatoka damu, na kovu lake akabaki nalo. Siku hizi mwalimu akifanya hivyo ataitwa ofisini aeleze! Lakini Akii-Bua alijifunza kuinama.

Mwaka 1968 alifika Uganda Mwingereza mmoja, Bwana Malcolm Arnold, kuwa mwalimu wa wakimbiaji wa taifa. Wakati ule Akii-Bua alikuwa akishindana katika mbio fupi za viunzi, zile za meta 110. Bwana Arnold alimhamisha, akamtia katika meta 400. Akii-Bua hakupendezwa sana mwanzoni, na nani angependezwa kuongezewa karibu meta 300 za taabu? Lakini alikubali. Mwaka 1970 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh alikuwa wa nne. Mganda mwenzake, William Koskei, alipata nishani ya fedha, na baadaye akawa akishindania Kenya. Kwa hiyo wakati ule Akii-Bua hakuwa hata mruka viunzi wa kwanza wa Uganda, sembuse wa dunia.

Miaka miwili iliyofuata ndiyo ninayoistaajabia kuliko hata ushindi wenyewe. Bwana Arnold alimtengenezea kizibao kilichotiwa risasi ndani yake, uzito wake ratili 25, yaani kama kilo 11. Mpime mtu kwa mfuko wa unga wa kilo 10 mgongoni, halafu mwambie akimbie. Akii-Bua alikivaa kizibao kile akakimbia masafa marefu kuliko yale ya shindano, tena akiruka viunzi virefu kupita vile vya kawaida, akapumzika kidogo, akarudia. Sisi tumezoea kufikiri kwamba kubeba vitu vizito ni kazi ya wanyanyua vyuma peke yao, wale wa China na Bulgaria tunaowaona wakitetemeka mashavu. Huyu alibeba uzito wake kifuani huku anakwenda mbio. Alipokivua siku ya shindano alijiona mwepesi.

Jambo jingine alilojifunza ni kuruka kwa miguu yote miwili. Warukaji wengi hutanguliza mguu mmoja tu maisha yao yote. Mtu wa namna hiyo akichoka, na hatua zake zikawa fupi, hawezi kuongeza hatua moja kati ya viunzi, maana akiongeza moja mguu mwingine ndio utakaofika mbele. Hana budi aongeze mbili, na hapo mwendo unakufa. Akii-Bua aliweza kuongeza moja tu, kwa kuwa mguu wowote uliofika mbele ulimfaa. Huenda msomaji akaona kwamba hilo ni jambo dogo. Ajaribu mwenyewe.

Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1972 ilifanywa Munich, Ujerumani ya Magharibi. Bingwa alikuwa Mwingereza David Hemery, aliyeweka rekodi ya dunia ya sekunde 48.12 huko Mexico mwaka 1968. Wamarekani nao walimleta Ralph Mann. Akii-Bua alifika fainali, lakini alipewa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa. Kwa mruka viunzi hiyo ni bahati mbaya, kwa sababu kona zake ni kali kupita za njia nyingine, na mkimbiaji huvutwa upande mmoja wakati anapotaka kuruka. Faida yake ni moja tu: wenzake wote huanza mbele yake, naye huwaona.

Tarehe 2 Septemba 1972 bastola ililia. Hemery alitoka kwa kasi kubwa, kana kwamba anataka kuimaliza kazi kabla wengine hawajaamka, na nusu ya kwanza ilikuwa yake. Akii-Bua hakumkimbilia kwa pupa. Alihesabu hatua zake, akala kona zile kali, na walipoingia katika sehemu ya mwisho ya uwanja Hemery alianza kuchoka, naye Akii-Bua akawa ndiyo kwanza anapata nguvu. Akampita, akaviruka viunzi vya mwisho peke yake mbele ya watu wote, akamaliza kwa sekunde 47.82. Mann alikuwa wa pili kwa sekunde 48.51, na Hemery wa tatu kwa 48.52. Hebu tazama nafasi hiyo baina ya wa kwanza na wa pili, kisha ile baina ya wa pili na wa tatu.

Baada ya kumaliza hakulala chini kama wenzake. Aliendelea kukimbia, akiruka viunzi tena na vingine vya kuwazia tu, akapewa bendera ya Uganda, akauzunguka uwanja nayo huku watu wakimshangilia. Siku hizi kila mshindi huzunguka uwanja na bendera ya nchi yake, na wengi husema kwamba desturi hiyo ilienea kutokana na mzunguko wa Akii-Bua siku ile. Ilikuwa nishani ya kwanza ya dhahabu ya Uganda katika Olimpiki tangu nchi ile ilipoanza kushiriki. Siku tatu baadaye wanamichezo wa Israeli walishambuliwa katika kijiji cha wachezaji, na furaha ya Munich ikageuka msiba.

Alirudi nyumbani akiwa shujaa. Idi Amin, aliyekuwa ameipindua serikali ya Dakta Milton Obote Januari 1971, alimpandisha cheo katika polisi, akampa nyumba, na barabara moja mjini Kampala ikaitwa kwa jina lake. Lakini msomaji akumbuke kwamba Obote alikuwa Mlango, na Akii-Bua alikuwa Mlango. Katika miaka ile ile ambayo mkono mmoja wa serikali ulimpa nyumba, mkono mwingine uliwaua askari wengi wa Kilango na wa Kiacholi. Shujaa alitabasamu katika picha, na watu wa kwao walikuwa wakizikwa. Sijui kama yuko mkimbiaji mwingine aliyepewa nishani yenye uchungu namna hiyo.

Bado alikuwa na miguu yake. Mwaka 1973 alishinda nishani ya dhahabu katika Michezo ya Afrika mjini Lagos kwa sekunde 48.54. Watu wote waliopenda mchezo huu wakaanza kungojea Montreal, mwaka 1976, ambako angekutana na kijana wa Kimarekani, Edwin Moses. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini, nchi ya ubaguzi wa rangi, katika mwaka ule ule ambao watoto wa shule waliuawa Soweto. Nchi zaidi ya ishirini, nyingi za Afrika, zilikataa kushiriki kwa kuwa New Zealand haikufukuzwa. Tanzania yetu ilikuwa mstari wa mbele katika jambo hilo, na Bwana Bayi naye alikosa mbio zake na John Walker wa New Zealand, ambazo dunia nzima ilizingojea. Moses alishinda kwa sekunde 47.64, na rekodi ya Akii-Bua ikavunjika yeye asiwepo.

Mimi naona kwamba nchi zetu zilifanya haki. Watoto wa Soweto walikuwa wa umri wetu. Lakini naona pia kwamba haki ile ililipwa na watu wachache, na mmoja wao ni Akii-Bua, aliyekuwa na miaka 26, umri ambao mwili wa mkimbiaji huwa umekomaa na haujachakaa. Mwanasiasa akikosa mwaka huu hungojea mwaka ujao. Miguu haingoji.

Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, na habari za vita ile wazazi na babu zetu wanazijua kuliko mimi. Aprili 1979 majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda yaliingia Kampala. Kwa Mlango ingekuwa siku ya kushangilia, lakini Akii-Bua alikuwa afisa wa polisi wa serikali iliyoanguka, tena aliyesifiwa na Amin mwenyewe, naye hakuweza kujua atahesabiwa upande gani. Akakimbilia Kenya. Bingwa wa Olimpiki akawa mkimbizi katika kambi, akingojea chakula kama wengine. Kampuni ya viatu ya Puma, ambayo viatu vyake alivivaa Munich, ilipopata habari ilimtoa huko, ikampeleka yeye na jamaa yake Herzogenaurach, Ujerumani, ikampa kazi.

Mwaka 1980 alishindana tena kwa jina la Uganda katika Olimpiki ya Moscow. Alikuwa na miaka 30, na taabu zote hizo zilikuwa miguuni mwake. Alitolewa katika nusu fainali. Fainali ilishindwa na Volker Beck wa Ujerumani ya Mashariki kwa sekunde 48.70, muda ambao Akii-Bua wa mwaka 1972 angeuacha nyuma karibu sekunde nzima. Katika michezo ile ile ya Moscow Bwana Bayi na Bwana Suleiman Nyambui walitupatia nishani mbili za fedha, ambazo hadi Michezo ya Paris ya mwaka 2024 Tanzania ilikuwa haijaongeza nyingine.

Baadaye Akii-Bua alirudi Uganda, akaingia tena polisi, akafundisha vijana kukimbia. Mkewe alitangulia kufariki, naye akabaki na watoto wengi wa kulea. Akafariki mjini Kampala tarehe 20 Juni 1997, umri wake miaka 47, na serikali ikamfanyia mazishi ya kitaifa. Uwanja wa michezo wa Lira, katika nchi yao, uliitwa kwa jina lake. Uganda ilingoja nishani yake ya pili ya dhahabu katika Olimpiki kwa subira ndefu. Ilipatikana mwaka 2012, Stephen Kiprotich aliposhinda mbio za marathoni mjini London, miaka 40 tangu siku ile ya Munich.