Maisha ya Zheng He, Amiri wa Bahari

Katika mji wa Changle, pwani ya Uchina, limehifadhiwa jiwe lililochorwa maandishi mwaka 1431. Jiwe hilo lataja miji miwili ya Waislamu wa Afrika ya Mashariki, Mogadishu na Barawa, pamoja na hidaya ambazo wakuu wa miji hiyo waliwapa wageni waliowajia kwa merikebu: kutoka Mogadishu punda milia na simba, na kutoka Barawa ngamia na mbuni. Katika makazi ya Nakivale wamo Wasomali wengi walioikimbia pwani hiyo kwa sababu ya vita, na baadhi ya jamaa zao wanaishi Mbarara mjini. Inafaa basi wao na jirani zao wajue kwamba mtu ambaye kwa amri yake jiwe lile lilichorwa alikuwa mtoto wa Kiislamu, naye pia aling'olewa kwao kwa vita angali mdogo. Jina lake ni Zheng He, na habari zake ndizo hizi.

Alizaliwa mwaka 1371 katika wilaya ya Kunyang, jimbo la Yunnan, kusini-magharibi ya Uchina, nchi ya milima na maziwa iliyo mbali na bahari, kama ilivyo Ankole. Jina lake la kwanza lilikuwa Ma He. Hilo neno Ma ndilo walilolichukua Waislamu wengi wa Uchina kuwa jina la ukoo, kwa kuwa sauti yake hufanana na ya jina la Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie. Yasemekana nasaba yake yafika kwa Sayyid Ajjal Shamsuddin Omar wa Bukhara, aliyekuwa liwali wa Yunnan katika zama za Wamongoli na kufariki mwaka 1279. Baba yake na babu yake wote wawili waliitwa Haji, kwani walikuwa wamekwisha kuhiji Makka, safari ambayo kwa watu wa Yunnan wa zama zile ilikuwa ndefu na ya hatari nyingi. Kwa hiyo mtoto huyu alilelewa katika nyumba ambamo habari za bahari, za bandari ngeni na za Nyumba Tukufu zilisimuliwa na watu waliokwisha kuziona kwa macho yao.

Mwaka 1381 majeshi ya ufalme wa Ming yaliingia Yunnan kuwaondoa Wamongoli waliosalia huko. Mwaka uliofuata baba yake alifariki, hali hajatimiza miaka arobaini. Mtoto alikuwa na umri wa miaka kumi hivi. Askari walimkamata, akahasiwa kama walivyohasiwa mateka wengi wa umri wake, akafanywa towashi na kupelekwa kaskazini katika mji wa Beiping, ambao ndio Beijing ya leo, kumtumikia mwana wa mfalme aliyeitwa Zhu Di. Hivyo katika muda mfupi alipotewa na baba, na nchi yake, na tumaini la kuzaa watoto wake mwenyewe. Wengi waliofikwa na msiba kama huo majina yao hayakuandikwa popote.

Ma He alikua mtu mrefu, shupavu na mwenye busara, akawa msiri wa bwana wake. Mwaka 1399 vita viliwaka baina ya Zhu Di na mtoto wa nduguye aliyekuwa akitawala Nanjing. Katika vita hivyo Ma He alijipatia sifa, hasa katika mapigano ya karibu na Beiping mahali paitwapo Zhengcunba. Mwaka 1402 Nanjing ilianguka, na Zhu Di akakalia kiti cha ufalme kwa lakabu ya Yongle. Mwaka 1404 alimtunukia mtumishi wake jina jipya la ukoo, Zheng, kwa ukumbusho wa uwanja ule wa vita. Ilikuwa heshima kubwa, lakini tangu siku hiyo jina la Ma, lililokuwa alama ya baba zake na dini yao, likaondoka katika jina alilojulikana nalo barazani kwa mfalme.

Basi lipo jambo moja alilolifanya upesi baada ya hapo, nalo latosha kuonyesha moyo wake ulikoelekea. Mwaka 1405, kabla hajaondoka kwa safari yake ya kwanza ya baharini, alimwomba mwanachuoni mmoja mkubwa wa serikali, Li Zhigang, amtungie maandishi ya kaburi la baba yake. Maandishi hayo yalichorwa juu ya jiwe na kusimamishwa Kunyang. Ndani yake baba ametajwa kwa jina lake la Ma na kwa lakabu yake ya Haji, akasifiwa kwa kuwalinda maskini, wajane na mayatima. Mwishoni mwa mwaka 1411, alipokwisha kurejea kutoka safari yake ya tatu, Zheng He alifika mwenyewe Kunyang kulizuru kaburi hilo, na habari ya ziara hiyo ikaandikwa upande wa nyuma wa jiwe lile lile. Alikuwa amepita miaka ipatayo thelathini tangu alipochukuliwa kutoka nchi hiyo akiwa mateka.

Mji aliofanyia kazi yake kubwa ni Nanjing, ambao maana ya jina lake ni mji mkuu wa kusini. Nanjing ulikuwa makao ya utawala wa Ming tangu mwaka 1368 hadi mfalme Yongle alipohamishia makao hayo Beijing mwaka 1421. Mwenye kuuzuru mji huo hata leo huonyeshwa ukuta wake wa mawe na matofali, uliokuwa na urefu wa kilomita 35 hivi, na kilomita 25 hivi zingali zimesimama. Matofali yake mengi yamepigwa mihuri yenye majina ya wilaya na ya mafundi, ili tofali likiwa bovu aliyelifanya apate kuulizwa. Upande wa mashariki, chini ya Mlima wa Zambarau, lipo kaburi la Hongwu, mfalme wa kwanza wa Ming. Ujenzi wake ulianza mwaka 1381, mwaka ule ule ambao majeshi ya mfalme huyo yaliingia Yunnan. Na upande wa kaskazini-magharibi, karibu na mto Yangzi, yapo mabwawa marefu yaliyochimbwa kwa kuundia merikebu. Mwaka 1957 mhimili wa usukani wenye urefu wa mita 11 hivi ulitolewa katika tope la mahali hapo, na mwaka 2003 na 2004 wachimbuzi walilifukua bwawa moja zima pamoja na zana za maseremala.

Kwa amri ya mfalme Yongle, na baadaye ya mfalme Xuande, Zheng He aliongoza safari saba baina ya mwaka 1405 na 1433. Msafara wa kwanza ulichukua watu wapatao 27,800. Walikuwamo manahodha, askari, waganga, wakalimani, makarani na mafundi wa kila namna. Vitabu vya Ming vyasema kwamba merikebu kubwa zilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 120, ijapokuwa wajuzi wa leo wengi huona kipimo hicho kimezidi. Walisafiri kwa pepo zile zile wazijuazo mabaharia wa Waswahili, kaskazi na kusi, wakingoja msimu ubadilike ndipo warudi. Walifika Java, Malaka, Ceylon, Calicut na Hormuz, wakibeba hariri na kauri, na kurudi na pilipili, vito, farasi na wajumbe wa wafalme. Haikuwa amani daima. Mwaka 1407 walimkamata haramia Chen Zuyi huko Palembang, na mwaka 1411 wakamteka mfalme mmoja wa Ceylon baada ya mapigano. Hata hivyo msafara huu haukujitwalia nchi za mbali kuzitawala, wala haukuweka liwali wa Kichina katika pwani ya Afrika.

Katika mambo ya dini Zheng He alitumikia mfalme asiye Mwislamu na kuongoza watu wa dini mbalimbali. Kwa hiyo majiwe aliyoyasimamisha yana heshima kwa kila kundi. Jiwe moja, lililochorwa Nanjing mwaka 1409 na kupelekwa Galle katika kisiwa cha Ceylon, lina maandishi kwa lugha tatu: ya Kichina yamtukuza Budha, ya Kitamil yautukuza mungu wa Wahindu wa huko, na ya Kiajemi yamsifu Mwenyezi Mungu. Katika Changle nako alijenga mahali pa kumshukuru mungu wa kike wa mabaharia wa Kichina. Wako waliomlaumu kwa hayo, na wako waliomwona kuwa mtu aliyetimiza wajibu wa kazi aliyowekewa. Na yaliyomo nyoyoni ayajua Mwenyezi Mungu peke yake. Lakini yajulikana kwamba mwaka 1417, akielekea Hormuz, aliyazuru makaburi matukufu ya Waislamu wa kale katika mji wa Quanzhou, na jiwe la ziara hiyo lingaliko.

Katika safari ya tano, baina ya mwaka 1417 na 1419, merikebu za msafara wake zilifika Aden, Mogadishu, Barawa na Malindi. Fei Xin, askari aliyeandika habari za safari hizo, aliandika kwamba nyumba za Mogadishu zilijengwa kwa mawe, ghorofa juu ya ghorofa, na kwamba katika miaka ya ukame watu walichimba visima virefu na kuteka maji kwa viriba vya ngozi ya kondoo. Nao watu wa Malindi walikuwa wamekwisha kupeleka twiga kwa mfalme wa Uchina mwaka 1415. Wachina walimdhania kuwa ni yule mnyama wa heri aliyetajwa katika vitabu vyao vya kale, wakamlaki kwa shangwe. Watu wa Mbarara hawana haja ya kusafiri mbali kumwona mnyama huyo, kwani mwaka 2015 twiga 15 waliletwa katika mbuga ya Ziwa Mburo kutoka Murchison. Na mwaka 2010, karibu na Mambrui, kaskazini ya Malindi, wachimbuzi waliipata sarafu ya shaba yenye jina la mfalme Yongle.

Yongle alipofariki mwaka 1424 safari zilisimamishwa, na mwaka 1425 Zheng He akawekwa kuwa mkuu wa jeshi la ulinzi wa Nanjing. Hapo alipewa pia kazi ya kusimamia mnara wa kauri ambao Yongle aliuanza mwaka 1412 kwa ukumbusho wa wazazi wake. Ulikuwa mnara wa ghorofa tisa, wenye kimo cha karibu mita 80, na wasafiri wa Ulaya waliouona baadaye waliuhesabu kuwa miongoni mwa maajabu ya dunia. Mwaka 1430 msikiti wa Jingjue, uliokuwa umejengwa katika mji huo tangu zama za mfalme Hongwu, uliungua kwa moto. Zheng He alikuwa tayari mtu wa umri wa miaka sitini hivi, naye alikuwa na shughuli za kuandaa safari ya saba. Hata hivyo alipeleka maombi kwa mfalme ili msikiti huo ujengwe upya, na maombi yake yakakubaliwa.

Safari ya saba ilianza mwaka 1431. Katika safari hiyo sehemu ya ujumbe ilifika Makka, na mkalimani Mwislamu Ma Huan akaandika habari za Nyumba Tukufu kwa lugha ya Kichina. Zheng He mwenyewe hakurudi kuonekana katika mambo ya dunia. Wengi husema alifariki Calicut mwaka 1433 akiwa njiani kurejea, na wengine husema alifariki Nanjing mwaka 1435. Kaburi lake laonyeshwa katika mlima wa Niushou, kusini ya Nanjing. Lilitengenezwa upya mwaka 1985 kwa umbo la makaburi ya Kiislamu, lina ngazi 28 zilizopangwa saba saba, na wengi huamini kwamba mwili wake haumo. Kwa kuwa hakuzaa, alimchukua mtoto wa kaka yake kuwa mwanawe, na ukoo wake waendelea hata leo.

Mwenye kuyatazama yaliyobaki atapata mazingatio. Merikebu zilioza, na wafalme waliofuata hawakuziunda tena. Mnara wa kauri ulivunjwa mwaka 1856 katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mnara unaosimama mahali pake leo ni wa chuma na vioo, uliofunguliwa mwaka 2015. Lakini jiwe la kaburi la Haji Ma lingali limesimama Kunyang. Na msikiti wa Jingjue, ingawa majengo yake yameharibiwa na kujengwa tena zaidi ya mara moja, ungali ukiswaliwa katika mtaa wa Sanshan. Kazi alizozifanya kwa amri ya wafalme nyingi zimetoweka. Haya mawili, moja kwa ajili ya mzazi na moja kwa ajili ya swala, aliyafanya kwa hiari yake, nayo ndiyo yaliyodumu. Aliyeondolewa kwao kwa nguvu aweza kunyang'anywa nchi na hata jina, lakini kumkumbuka mzazi wake na kuujenga msikiti mahali alipofikia ni mambo yaliyo mikononi mwake. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, na awajaalie walio Nakivale na Mbarara kuyafanya hayo mawili popote watakapokuwa. Amin.