Joseph Joachim, Mpiga Fidla wa Hungaria

Joseph Joachim alizaliwa tarehe 28 Juni 1831 katika kijiji cha Kittsee, kilichokuwa ndani ya Ufalme wa Hungaria, ijapokuwa leo kimo nchini Austria. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, na baba yake alifanya biashara ya sufu. Familia ilihamia mji wa Pest angali mdogo, na huko ndiko alikofundishwa fidla, chombo kile kile tulichokizoea katika taarabu. Alipotimiza miaka saba alikuwa amekwisha kupiga mbele ya hadhara. Kutoka Pest alipelekwa Vienna, kisha mwaka 1843 akafika Leipzig, Ujerumani, ambako mtunzi Mendelssohn alimlea kimuziki.

Mwaka uliofuata Joachim alikwenda London. Chama kilichoandaa onyesho hakikuruhusu watoto jukwaani, lakini kwa ajili yake kanuni hiyo iliwekwa kando. Tarehe 27 Mei 1844 mtoto huyo wa miaka 12 alipiga utungo wa Beethoven wa fidla na okestra, ambao tangu 1806 ulikuwa umepigwa mara chache tu. Tangu siku hiyo haujasahauliwa tena.

Mwaka 1853 alikutana na Johannes Brahms, kijana wa miaka 20 asiyejulikana, akatambua kipaji chake papo hapo na kumfungulia mlango wa nyumba ya Schumann. Urafiki wao ulidumu miaka mingi. Joachim alipokwisha kuwa mkuu wa chuo cha muziki cha Berlin, Brahms alimtungia utungo mkubwa wa fidla, akamwomba ausahihishe. Ushauri ulitolewa kwa wingi, ukafuatwa kwa uchache. Hata hivyo waliuwasilisha pamoja Leipzig tarehe 1 Januari 1879, mmoja akipiga, mwingine akiongoza okestra.

Kilichowatenganisha hakikuwa muziki. Joachim, mtu mwenye wivu mwingi, alimshuku mkewe Amalie, mwimbaji mashuhuri, kwamba si mwaminifu. Brahms alimwandikia Amalie barua ya kumtetea; barua hiyo ikatolewa mahakamani katika kesi ya talaka, na urafiki ukavunjika. Lakini, na hili ndilo linalomtukuza Joachim kuliko sifa zote za jukwaani, hakuacha kupiga tungo za Brahms hata walipokuwa hawasemezani. Mwaka 1887 Brahms alitunga kazi ya fidla na selo, vyombo viwili vinavyojibizana kama watu wanaotafuta suluhu. Joachim aliipiga Köln mwaka huo huo, Brahms akiongoza.

Alifariki Berlin tarehe 15 Agosti 1907. Mnamo 1903, akiwa mzee wa miaka zaidi ya sabini, alikubali kunaswa sauti ya fidla yake kwenye santuri. Kati ya vipande vichache alivyopiga, viwili ni ngoma za Kihungaria za Brahms, alizozigeuza yeye mwenyewe zifae fidla.