Miaka Arobaini Iliyotosha: Maisha ya Sheikh Kaluta Amri Abedi



Ukisimama katika stesheni ya zamani ya Dodoma na kuuelekeza uso wako magharibi, reli uionayo mbele yako hupita Manyoni na Itigi, ikafika Tabora, na mwisho wake ni Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani waliifikisha Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Miaka kumi baada ya reli kulifikia ziwa, yaani mwaka 1924, alizaliwa katika mji wa kale wa Ujiji, jirani na Kigoma, mtoto aliyeitwa Kaluta Amri Abedi. Njia hiyo ya reli ndiyo iunganishayo miji mitatu ya maisha yake: Ujiji alikozaliwa, Tabora alikosoma, na Dar es Salaam alikoutumikia umma. Na wewe ukaaye Dodoma, mji uliochaguliwa mwaka 1973 uwe makao makuu ya nchi yetu, unakaa katikati ya njia hiyo.

Sababu ya kukusimulia habari zake ni hii. Mara nyingi husikika vijana wakisema kwamba mambo ya dini yana wakati wake. Mmoja husema ataanza kusali sawasawa akimaliza masomo. Wa pili akipata kazi. Wa tatu akishaoa. Kila mmoja anakiri ya kuwa anataka kufa akiwa mja mwema wa Mwenyezi Mungu, ila haoni uhusiano wowote baina ya nia hiyo na namna alivyoitumia jioni ya jana. Basi nakuomba uyatazame maisha ya mtu huyu pamoja nami, kisha ujihukumie mwenyewe.

Kaluta Amri Abedi alisoma katika shule ya serikali ya Tabora, shule ile ile aliyosoma Mwalimu Julius Nyerere. Katika zama za utawala wa Waingereza, kijana aliyepata nafasi katika shule hiyo alikuwa amefunguliwa mlango wa ukarani na vyeo vingine vilivyoruhusiwa Waafrika. Mshahara wa karani ulikuwa heshima ya ukoo mzima. Wazazi walingoja, wajomba walingoja, na kijiji nacho kilingoja.

Lakini katika mji huo huo wa Tabora palikuwa na jambo jingine. Sheikh Mubarak Ahmad, mubalighi wa Jumuiya ya Ahmadiyya, alifika Afrika ya Mashariki mwaka 1934, na Tabora ikawa mojawapo ya vituo vya kazi yake. Kwa msomaji ambaye bado anachunguza, yafaa nieleze ya kuwa Jumuiya hii ilianzishwa mwaka 1889 huko Bara Hindi na Hazrat Mirza Ghulam Ahmad, ambaye Waahmadiyya humwamini kuwa ndiye Masihi Aliyeahidiwa. Mafundisho hayo yalipoingia Tabora yalipingwa kwa nguvu, na mtu aliyeyakubali alijua kwamba atanenwa sokoni na msikitini. Kaluta Amri Abedi aliyakubali akiwa bado kijana.

Hapa pana jambo la kwanza la kuzingatia. Uamuzi wa namna hiyo haumalizwi siku moja. Anayejiunga leo huamka kesho na kukutana na watu wale wale na dhihaka ile ile. Tena kesho kutwa. Tena mwaka ujao. Ikiwa wewe, ndugu, umeingia katika dini mpya hali nyumbani kwenu hawajaridhika, wajua vema nisemalo. Kiapo hutolewa mara moja, ila kuthibitishwa kwake ni kila asubuhi. Kijana huyu alithibitisha, na hatimaye akayatoa maisha yake yote kwa ajili ya utumishi wa dini. Akawa mubalighi katika njia isiyokuwa na mshahara mnono wala cheo cha kumpendeza mtawala.

Jambo la pili ni kazi ya tafsiri. Kabla ya wakati huo, tafsiri kamili ya Kurani iliyokuwapo kwa Kiswahili ilikuwa ile ya Godfrey Dale, padre wa misheni ya Kiingereza, iliyochapishwa mwaka 1923. Maana yake ni kwamba Mwislamu wa Pwani au wa Bara aliyetaka kukielewa Kitabu chake kwa lugha yake alilazimika kukipokea kwa mkono wa padre. Sheikh Mubarak Ahmad alijitwika mzigo wa kuitafsiri Kurani Tukufu, na Kaluta Amri Abedi, ambaye Kiswahili kilikuwa chombo chake tangu utotoni, alikuwa miongoni mwa waliomsaidia. Tafsiri hiyo ilichapishwa Nairobi mwaka 1953, na ni tafsiri ya kwanza kamili ya Kiswahili iliyotolewa na Waislamu.

Fikiri juu ya kazi hiyo. Kurani ina sura 114. Mtafsiri hawezi kuzikabili zote kwa siku moja. Lililo mbele yake leo ni aya moja, na ndani ya aya hiyo neno moja. Je, neno hili la Kiarabu liambiweje kwa Kiswahili hata mkulima alielewe, nalo lisipunguke? Hulipima, hulifuta, huliandika tena. Jioni akiulizwa amefanya nini, jibu lake ni dogo: aya chache. Mtu apendaye mambo makubwa ya ghafla angeiacha kazi hiyo katika juma la kwanza. Walioistahimili walikiweka Kitabu kizima mikononi mwa watu.

Jambo la tatu ni ushairi. Mwaka 1954, siku alipokuwa hajazidi umri wa miaka 30, kilichapishwa kitabu chake kiitwacho Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Kabla yake washairi wetu walizijua kanuni kwa kusikiliza na kuiga. Yeye alizikusanya na kuzieleza kwa maandishi, na mpaka leo wanafunzi wa Kiswahili hukirejea kitabu hicho. Katika shairi letu la kawaida kila mshororo una mizani 16, nane upande huu na nane upande wa pili, na ubeti una mishororo minne. Basi ubeti mmoja ni mizani 64. Ikikosekana mizani moja tu, msikilizaji mwenye sikio hulitambua shairi kuwa linachechemea, hata kama maana yake ni nzuri mno. Tena mtunzi hawezi kusema kwamba atazifidia mizani za ubeti wa kwanza katika ubeti wa kumi. Kila mshororo hudaiwa haki yake mahali pake.

Sidhani kama iko njia iliyo nyepesi zaidi ya kuyaeleza maisha ya mja wa Mungu. Sala ya alfajiri ya leo ina mahali pake. Ya kesho haitaijaza. Neno la kweli ulilopaswa kulisema mbele ya mwalimu wako asubuhi hii halitasemwa na uzee wako. Mambo haya ni madogo kama silabi, na kwa sababu ni madogo kijana huyadharau. Ila ubeti hauna kitu kingine cha kuundwa nacho.

Hapa Dodoma pia palikuwapo shahidi wa jambo hili. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Ihumwa aliyezaliwa mwaka 1917, alichunga mifugo utotoni, akajifunza kusoma, na alipokuwa mtu mzima akafanya kazi za serikali na mahakama. Yeye alikuwa Mkristo Mkatoliki. Katika mwaka ule ule wa 1954 ndipo kilipotoka kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo. Baadaye alitunga tenzi za dini yake na kuijulisha nchi nzima bahari ya ngonjera, mpaka alipofariki mwaka 1969. Dini zao zilikuwa mbalimbali, na imani ina uzito wake; lakini mchunga ng'ombe wa Ugogo na mwanafunzi wa Ujiji wote wawili wanatufundisha kwamba kalamu ishikwayo kila siku hufika mbali kuliko kipaji kingojacho wasaa.

Turudi kwa Sheikh Amri. Baada ya kutoka kitabu chake, alisafiri hadi Rabwah, Pakistan, kuzidisha elimu ya dini, naye tayari alikuwa mwandishi anayejulikana nchini. Wengi wakifika hapo huona kwamba zamu yao ya kuketi chini ya mwalimu imekwisha. Yeye alikubali kuwa mwanafunzi tena katika nchi ya mbali, kisha akarudi nyumbani kuendelea na utumishi.

Katika siku za kuelekea uhuru wa mwaka 1961, umma ulimwita kwa kazi nyingine. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika umeya wa Dar es Salaam. Mwaka 1963 akawa Waziri wa Sheria, na baadaye akakabidhiwa wizara iliyohusika na maendeleo ya jamii na utamaduni wa taifa. Katika vyeo hivyo vyote watu waliendelea kumwita Sheikh. Jina hilo hakulivua mlangoni mwa ofisi.

Yafaa kijana atafakari hapa. Cheo hakikumpa tabia, kilimkuta nayo. Mtu anayedhani atakuwa mwaminifu akishapewa fedha za umma, hali leo hawezi kuwa mwaminifu kwa chenji ya mama yake aliyetumwa nayo dukani, anajidanganya. Anayedhani atahukumu kwa haki akiwa mkubwa, hali leo humsingizia mdogo wake ili yeye aepuke adhabu, naye anajidanganya. Siku ya kupewa cheo haiumbi moyo mpya. Huufunua ule uliojengwa kidogo kidogo tangu utotoni.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1964, Sheikh Kaluta Amri Abedi alifariki dunia mjini Bonn, Ujerumani. Umri wake ulikuwa miaka 40 tu. Uwanja wa michezo wa Arusha hata leo huitwa kwa jina lake, na wengi waingiao humo kutazama mpira hawajui alikuwa nani.

Naomba uishike hesabu hiyo ya miaka 40. Katika Jumuiya yetu vijana wa kiume wenye umri wa miaka 15 hadi 40 huwamo katika chama cha vijana, Khuddamul Ahmadiyya. Maana yake ni kwamba mtu huyu hakupata uzee wa kutubia wala wasaa wa kustaafu. Aliyoyafanya yote, mahubiri, tafsiri, ushairi, umeya na uwaziri, aliyafanya katika umri ambao wengine huuita wa kuponda raha. Kama angesema kwamba dini ataishughulikia baadaye, huyo baadaye hangefika. Naye hakuwa na habari ya siku yake ya mwisho, kama wewe na mimi tusivyo nayo.

Wazee wa Ugogo hawana haja ya kufundishwa jambo hili. Hapa kwetu mvua ni ya msimu mmoja, yaanza mwezi wa Desemba au karibu yake na kukoma Aprili, nayo ni haba. Mkulima wa uwele na mtama asiyetengeneza shamba kabla ya mvua ya kwanza, akangoja aone kama wingu ni la kweli, hana msimu wa pili wa kujirekebisha ndani ya mwaka ule. Atavuna majuto, na watoto wake watakula kwa jirani. Ujana nao ni msimu mmoja.

Basi utaanzia wapi? Usianze kwa nadhiri kubwa ambayo itavunjika kabla ya Ijumaa. Anza kwa kuandika, katika daftari lako la shule, jambo moja ambalo ungetaka Mwenyezi Mungu alikubali kwako siku utakapokutana Naye: pengine kukielewa Kitabu Chake, pengine kuwatumikia wagonjwa, pengine kuwa hakimu asiyenunuliwa. Chini yake andika jambo dogo la kila siku lielekealo huko. Ukitaka kukielewa Kitabu, soma ukurasa mmoja pamoja na tafsiri yake kila baada ya sala ya alfajiri. Msahafu wenye kurasa 600 na kidogo utaumaliza kabla ya miaka miwili kutimia, hata kama hujui kasi ya kusoma. Ukitaka kuwa tabibu, saa moja ya hesabu na sayansi usiku wa leo ni sehemu ya ibada yako, ilimradi nia yako ni hiyo. Na saa hiyo ukiipoteza mbele ya simu, si masomo peke yake yaliyopotea. Ukitaka uadilifu, rudisha chenji yote leo.

Kisha kila usiku, kabla ya kulala, pitia siku yako kama mshairi anavyozihesabu mizani kwa vidole. Ilipopungua, omba msamaha, na kesho utengeneze. Usikate tamaa kwa sababu ya mshororo mmoja ulioharibika. Lakini pia usiuite mzima.

Nanyi wazazi mliopewa vijana hawa, msiwaulize tu wamepata alama ngapi. Waulizeni wanazitafuta kwa ajili ya nini, na ninyi wenyewe muwe na jibu.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Kaluta Amri Abedi, aikubali kazi ya mikono yake, na atupe vijana ambao hawatangoja mvua ipite ndipo washike majembe. Amin.