Kaisari Septimius Severus na Lango Lake

Sisi tukaao Tunduma twajua lango ni kitu gani, maana kila siku twaona malori yakingoja kuvuka kwenda Zambia. Lakini lango nitakalolieleza hapa halikujengwa kumzuia mtu wala kumtoza ushuru. Lilijengwa kutangaza ushindi wa mzaliwa wa Afrika aliyetawala Roma.

Septimius Severus alizaliwa mwaka 145 katika mji wa Leptis Magna, pwani ya nchi iitwayo leo Libya. Alikwenda Roma angali kijana, akapanda cheo baada ya cheo. Mwaka 193 askari walinzi walimwua Kaisari Pertinax, kisha, bila haya, wakakinadi kiti chake kama bidhaa ya sokoni. Ndipo majeshi ya mto Danube yalipomtangaza Severus kuwa Kaisari. Wapinzani wake wawili, Niger na Albinus, aliwashinda mmoja baada ya mwingine.

Halafu akawapiga Waparthi huko mashariki, akautwaa mji wao mkuu, Ctesiphon. Kwa ushindi huo alijengewa lango la marumaru mjini Roma, mwaka 203. Kimo chake chapata mita 21, nalo lina njia tatu. Juu ya njia mbili za kando zimechongwa picha kubwa za vita: majeshi yakienda, miji ikizingirwa, watu wakisalimu amri. Chini, kwenye vikalio vya nguzo, askari wa Kirumi wanawaongoza mateka. Mimi nikitazama picha hizo vitabuni, macho yangu hukaa kwa mateka hao zaidi kuliko kwa washindi.

Juu kabisa yaliandikwa majina ya Severus na wanawe wawili, Caracalla na Geta. Ndugu hao hawakupatana hata kidogo. Katika lango jingine, kule kwao Leptis, baba amechongwa akishikana mkono na Caracalla, na Geta amesimama kati yao.

Severus alifariki tarehe 4 Februari 211 huko Uingereza, katika mji uitwao leo York, akawaachia wote wawili utawala. Kabla ya mwaka kwisha Caracalla alifanya hila Geta akauawa, naye akafa mikononi mwa mama yao, Julia Domna. Kisha jina lake likaamriwa lifutwe kila mahali. Mafundi wakapanda langoni, wakang'oa herufi zake za shaba, wakatia maneno mengine ya kuwasifu baba na mwana mkubwa. Lakini matundu ya herufi zile za kwanza yalibaki katika jiwe. Wataalamu wameyafuata tundu kwa tundu, na jina la Geta lasomeka hata leo.